Kuijua Kuba kupitia wanablogu wake

Anayetaka kuifahamu nchi asiyowahi kufika huanza na takwimu na hotuba za viongozi. Hizo humweleza jinsi nchi inavyoongozwa, si jinsi watu wanavyoishi. Pengo hilo huzibwa na wanablogu wenyeji, kwa sababu huandika yale ambayo mwandishi mgeni hayaoni na msemaji wa serikali hayataji. Kuba inaonyesha faida ya njia hii pamoja na mipaka yake.

Aprili 2007, Yoani Sánchez wa Havana alianzisha blogu ya Generación Y, akaandika juu ya foleni, uhaba na fedha. Tangu 1962 kila kaya ya Kuba imekuwa na daftari la mgao, la kununulia mchele, maharage na sukari kwa bei ya ruzuku. Mgao haukutosheleza mwezi. Bidhaa nyingi nyingine ziliuzwa kwa peso ya kubadilika, sarafu ya pili iliyotumika hadi mwanzo wa 2021, ilhali mishahara ya serikali ililipwa kwa peso ya kawaida. Ili kupata moja ya kubadilika, mtu alitoa takriban 25 za kawaida. Ndiyo maana dereva wa teksi anayebeba watalii aliweza kumzidi daktari kipato. Takwimu ya mshahara peke yake isingemfumbulia msomaji jambo hilo.

Hata hivyo, maandishi hufuata njia yaliyopitia. Wakati huo intaneti ya nyumbani ilikuwa adimu mno. Sánchez alitumia intaneti ya hoteli za kitalii, au aliwatumia marafiki walio nje makala zake ili wazichapishe. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, blogu yake ilizuiwa ndani ya Kuba. Wasomaji wake wengi basi walikuwa wageni, na anayeandikia wageni huteua mambo tofauti na anayemwandikia jirani. Wakulima na wazee wasio na mtandao hawakusikika kabisa. Intaneti ya simu za mkononi ilifika Desemba 2018 tu.

Dawa ni kusoma mwingine asiyekubaliana naye. Mwaka 2010 wahadhiri vijana wa Chuo Kikuu cha Matanzas walianzisha La Joven Cuba. Wao waliutetea ujamaa, huku wakikosoa urasimu. Kambi hizi mbili zilipotofautiana, msomaji alipata kujua Wakuba wanabishania nini. Zilipokubaliana, kwa mfano kwamba mshahara hautoshi, alipata ushahidi mzito, kwani wapinzani hawana sababu ya kupatana ila ukweli uwalazimishe.

Msomaji ajihadhari pia na kumbukumbu zake mwenyewe. Mtanzania aliyepanga foleni ya sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 ataitambua hali ya Havana upesi, na anaweza kudhani ameielewa. Lakini kwa Tanzania ule ulikuwa msukosuko wa miaka michache. Kwa Kuba mgao umekuwa utaratibu wa vizazi, na wengi huuona kuwa haki yao.

Kwa hiyo usimwamini mwanablogu mmoja kama balozi wa taifa zima. Soma wawili wanaopingana, uliza kila mmoja anamwandikia nani na kwa njia gani, kisha ndipo urudi kwenye takwimu. Zitakuwa na maana ambayo hazikuwa nayo mwanzo.