GITAA KUUKUU LA BESI: MLINUNUE AU MLIACHE?

Ndugu wasomaji wa Kasulu na Kibondo, kwaya yenu inataka gitaa la besi. Fedha mmezipata kwa kuuza maharage. Mtu anawaletea gitaa kuukuu kwa bei ndogo. Je, mlinunue? Kumbukeni, rahisi ni ghali. Likagueni kwanza.

Anzeni na shingo. Fumba jicho moja, uitazame kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imepinda kidogo, msiogope. Shingo nyingi zina chuma ndani. Fundi hukikaza au kukilegeza, nayo hunyooka. Lakini ikiwa imejisokota au imepasuka, liacheni.

Pili, mwombeni mwenye gitaa aliunge kwenye amplifaya. Likiwa kimya, huenda waya umekatika tu. Fundi redio huweza kuuunga kwa risasi.

Tatu, tazameni nyuzi. Besi ya kawaida ina nyuzi 4. Kama hazijakatika ila sauti imefifia, zifungueni. Zichemsheni kwa maji dakika 10, kisha zikausheni vizuri. Sauti hurudi kwa muda.

Sasa chukueni karatasi. Andikeni bei ya gitaa, nyuzi mpya, malipo ya fundi na nauli. Jumlisheni. Jumla ikikaribia bei ya gitaa zima, liacheni. Ikiwa nusu yake, nunueni.

Fanyeni hesabu hiyo mbele ya wanakwaya wote, kabla ya kutoa fedha. Maharage yenu yana jasho.