Kumfukuza na Kumvuta Adui wa Mahindi

Mkulima aonaye majani ya mahindi yake yametobolewa vitundu vidogo vidogo, na ajue kuwa adui yumo shambani. Nondo hutaga mayai juu ya majani wakati wa usiku. Mayai yaanguliwapo, funza hula majani, kisha hupenya ndani ya bua. Akiisha kuingia humo, dawa ya kunyunyiza haimfikii, na fedha zimepotea bure. Basi yafaa kumzuia nondo kabla hajataga.

Njia hiyo ilivumbuliwa katika miaka ya 1990 na wataalamu wa ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Panda desmodiamu baina ya mistari ya mahindi: harufu yake humfukuza nondo. Kulizunguka shamba, panda safu 3 za nyasi za nepia: harufu yake humvuta, naye hutaga huko. Nepia hutoa utomvu wenye kunata, na funza wengi hufa humo.

Tena desmodiamu ni jamii ya kunde: huurutubisha udongo, na mizizi yake hulizuia gugu la striga, liitwalo pia kiduha. Mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe.

Mwaka wa kwanza kazi ni nzito, kwa kuwa desmodiamu humea polepole, nayo yataka kupaliliwa. Asiyeweza shamba zima na aanze na kipande kidogo, apime mavuno yake mwenyewe, kisha aamue.