Chumvi ya Visiwani: Iwe Kidogo, Iwe Kamili

Katika lugha yetu, mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Ni msemo wa heshima, nao umewakuza wengi wetu tukiamini kuwa chumvi na umri mrefu ni ndugu wa tumbo moja. Ilivyo ni kwamba anayekula chumvi nyingi kwa maana yake halisi hujipunguzia umri. Na hapa Visiwani liko jambo la pili, ambalo halizungumzwi sana barazani: mtu aweza kula chumvi nyingi na bado akakosa kile ambacho chumvi ilipaswa kumletea, yaani madini joto.

Uchunguzi uliofanywa Unguja na Pemba, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, uliwakuta na uvimbe wa tezi la shingo watoto wa skuli wapatao 21 katika kila mia kwa upande wa Unguja, na 32 katika kila mia kwa upande wa Pemba. Wakati huo huo, kaya 63 hivi katika kila mia Unguja zilikuwa zikitumia chumvi iliyotiwa madini joto. Pemba ilikuwa kaya moja tu katika kila mia. Tarakimu hizo ni za wakati ule. Tunazikumbusha leo kwa ajili ya funzo lililomo ndani yake.

Funzo lenyewe ni kwamba kutojua kulishirikiana na kujiamini. Ilidhaniwa kuwa mtu wa kisiwani, anayevua bahari na kula cha baharini, hawezi kupungukiwa na madini joto, kwamba hayo ni maradhi ya watu wa milimani. Dhana hiyo haisimami mbele ya hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na madini joto yasiyofika mikrogramu 70. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito 250. Hata kama madini joto yote yangebaki katika jaruba baada ya jua kuyakausha maji, gramu 5 za chumvi hiyo zisingempa mlaji zaidi ya mikrogramu 10. Wala hayabaki yote. Samaki anayo kiasi, lakini si kila nyumba inayopata samaki wa kutosha kila siku. Kwa hiyo chumvi yetu ya pwani, kwa weupe wake wote, haijakamilika mpaka itiwe madini joto kwa mkono wa binadamu.

Hasara ya upungufu huu haiishii katika uvimbe wa shingo. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika, na mtoto huyo aweza kuzaliwa akiwa mzito wa kufahamu. Tunajenga skuli na kuajiri walimu. Ni dhahiri kuwa juhudi hiyo yote hupungua thamani ikiwa akili za watoto zimedhoofishwa kabla hawajazaliwa, kwa kukosa kitu kidogo mno.

Sasa tuje kwenye kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni jumla ya vyote anavyokula. Wastani wa dunia unazidi mara mbili ya hapo. Chumvi ikizidi hupandisha shinikizo la damu, nalo huleta kiharusi, maradhi ya moyo na kuharibika kwa figo. Presha haipigi hodi. Wengi huijua siku ambayo mkono na mguu wa upande mmoja umekataa kutii. Nasi tunajiongezea bila ya kuhesabu: ng'onda na papa mkavu, achari, vidonge vya mchuzi vilivyoingia katika kila jiko, kisha kikopo cha chumvi mezani, ambacho wengine hukinyanyua kabla hawajaonja. Dini imetufundisha kuepuka israfu. Israfu ya chumvi nayo ni israfu.

Wako watakaouliza: vipi tuhimizwe kutumia chumvi na papo hapo tukatazwe? Hakuna mgongano. Madini joto hutiwa kwa kipimo kinachomtosheleza mtu anayekula chumvi kidogo. Basi kila chumvi tunayoila iwe imetiwa madini joto, na jumla yake iwe ndogo. Ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na bizari, ambazo hatukupungukiwa nazo, zitaziba pengo la ladha. Chumvi ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua, na itiwe chunguni mapishi yakikaribia kwisha, ili madini yasipotee.

Wajibu wa wananchi ni huo. Wajibu wa watendaji ni mzito zaidi. Mzalishaji mdogo wa chumvi hawezi kulaumiwa kwa kutotia madini joto ikiwa dawa yenyewe haimfikii, au inamfikia kwa bei inayomla faida yote. Apelekewe dawa na mashine ya kuchanganyia, afundishwe kipimo, ndipo akaguliwe. Kuipima chumvi ni kazi nyepesi: tone moja la dawa ya kupimia huigeuza rangi ya buluu chumvi iliyotiwa madini joto. Hakuna sababu ya kazi hiyo kutofanyika majarubani, madukani na katika skuli zetu, ambako mwanafunzi aweza kuleta chumvi ya kwao iliyofungwa katika karatasi. Masheha na viongozi wa mashina walifanye jambo hili kuwa ajenda ya mikutano yao, si kaulimbiu ya siku moja katika mwaka.

Tukifanya hivyo, wajukuu wetu wataweza kusemwa kuwa wamekula chumvi nyingi, kwa maana ile ya heshima peke yake.