Mwanza hadi Bukoba: Safari Fupi Yenye Hesabu Ndefu

Bukoba iko kaskazini-magharibi ya Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Ukipiga mstari mnyoofu kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, unapata kilomita 175 hivi. Marubani huzihesabu kuwa maili 94 za baharini, kila maili ikiwa mita 1,852.

Basi haliwezi kukata ziwa. Hulizunguka kwa kusini kupitia Kigongo, Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, na mwendo wake huzidi maradufu ule wa angani. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea wasafiri kero ya kungoja kivuko, ingawa mzunguko wenyewe umebaki palepale. Meli nayo hukata maji usiku kucha.

Sasa ndege. Ndege ya pangaboi aina ya ATR ikishatulia angani hukimbia kilomita 500 kwa saa au zaidi. Kwa hesabu ya shuleni, kilomita 175 zingekwisha kwa dakika 21. Mbona basi ratiba huonyesha karibu maradufu ya muda huo, na pengine zaidi?

Ni kwa sababu muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama kabisa kule iendako. Humo kuna kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja ruhusa ya waongoza ndege, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na kuzunguka ili kutua kwa kukabili upepo. Safari ya Dar es Salaam–Mwanza, yenye kilomita kama 850, ina shughuli hizohizo, ila huko zinamezwa na urefu wa njia. Kwa Bukoba, ndege haijakaa sawasawa juu, imeshaanza kushuka.

Uwanja wa Bukoba wenyewe unataka umakini. Uko ufukweni, njia yake ina urefu wa takriban kilomita moja na nusu, na uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Juu ya hayo kuna dhoruba za ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini karibu na uwanja huo katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Rubani anayezunguka akingoja mawingu yapite, au anayegeuza kurudi Mwanza, anastahili shukrani za abiria.

Kwa hiyo, msafiri, ukiwa na ndege nyingine ya kuunganisha Mwanza, usipange kwa kilomita. Jiachie saa kadhaa, na kumbuka kuwa 08:00 kwenye tiketi ni saa mbili asubuhi.