Kuchujuka na Kukolea: Rangi ya Ua Linapokomaa

Msemaji wa Kiswahili aonapo ua limeacha rangi yake ya mwanzo, aghalabu husema limechujuka, yaani limepungukiwa. Madhumuni ya makala haya mafupi ni kuonyesha kuwa neno hilo husadifu mara chache kuliko tunavyodhani, na kwamba lugha yetu inalo neno jingine lifaalo zaidi: kukolea.

Tuchukue mtu wa Komanda, pale Ituri zinapokutana barabara za Bunia, Beni na Mambasa, aliyepanda lantana kando ya nyumba yake. Kichaka hiki kilitoka Marekani ya kitropiki na kuzagaa Afrika ya Mashariki hadi Kongo. Katika kishada kimoja, maua ya katikati ni ya manjano na ya pembeni mekundu. Mwenyewe atadhani mbegu zilichanganyika. Kumbe tofauti ni ya umri tu, maana ya pembeni ndiyo yaliyotangulia kuchanua.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1877 na Fritz Müller, Mjerumani aliyeishi Brazili. Lantana aliyoichunguza ilikuwa ya manjano siku ya kwanza, rangi ya machungwa siku ya pili, zambarau siku ya tatu. Vipepeo waliyaendea ya manjano, wengine na ya machungwa pia. Ya zambarau hakuona hata mmoja akiyagusa. Ua changa ndilo lenye mbochi. Likishachavushwa, hutengeneza rangi mpya iitwayo anthosayanini, ambayo huifunika ile ya manjano. Mmea hauliangushi upesi, kwani kishada kikubwa huonekana kwa mbali. Mdudu akikaribia, rangi humwonyesha pa kunywa.

Pamba nayo ni hivyohivyo, zao ambalo Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wengi wa Kongo kulilima tangu 1917. Ua lake hufunguka asubuhi likiwa jeupe au la manjano hafifu, na kesho yake huwa jekundu kwa anthosayanini hiyohiyo. Mwalimu anayesema kwamba ua hilo limechujuka humfundisha mwanafunzi kinyume cha kilichotokea: rangi imeongezwa, haikupotea.

Ama kuchujuka kwa kweli kupo. Brunfelsia, ambayo Waingereza huipa jina lenye maana ya jana, leo na kesho, hufunguka ikiwa zambarau na baada ya siku chache huwa nyeupe, kwa kuwa anthosayanini yake huvunjwavunjwa.

Liko pia badiliko ambalo maneno yote mawili hayalifai. Mwaridi uliopandikizwa juu ya shina la mwaridi mwingine huweza, baada ya miaka, kutoa maua ya rangi ngeni. Tawi lenye maua hayo likiwa limechipuka chini ya kiungo, huo ni mmea mwingine kabisa, na yafaa likatwe pale lilipoanzia kabla halijaumeza ule uliokusudiwa.