Kiwanda kimeshauza, duka bado

Wauzaji wenzangu, cheki Harley-Davidson, zile pikipiki kubwa za Marekani. Maduka yake kule ni ya watu binafsi, siyo ya kiwanda. Mzigo ukishatoka kwenda dukani, kiwanda kinahesabu kimeuza. Mwenye duka ndo kwanza anaanza deni, maana wengi huchukua pikipiki kwa mkopo, na mmoja wa wakopeshaji ni kampuni ya fedha ya Harley yenyewe (wajanja hawa!). Pikipiki ikilala, riba inatembea. Oktoba 2009 Harley ikatangaza inaacha kutengeneza Buell. Maduka yakabaki na pikipiki zisizo na mwenyewe, bei zikashushwa.

Mimi mtu wa jumla akinisukumia dazeni mbili "kwa punguzo", namuuliza: zisipotoka, unazipokea? Akizungukazunguka, nachukua nne tu.