Mizani Nane: Utangulizi wa Fasihi ya Kilatini ya Enzi za Kati kwa Msomaji wa Tenzi

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hapa Njoro hakawii kukumbana na swali hili: je, vina na mizani ni mali yetu au tuliazima kwa Waarabu? Swali lenyewe ni kongwe. Lilikolea katika mjadala uliofuatia kuchapishwa kwa *Kichomi* cha Kezilahabi mwaka 1974, na Ibrahim Noor Shariff akalishughulikia kwa kina katika *Tungo Zetu* (1988). Makala haya yanakusudia kulitazama kutoka upande usiozoeleka katika madarasa yetu, yaani fasihi ya Kilatini ya Enzi za Kati. Aliyenivuta huko ni nyanya yangu wa Subukia, ambaye hadi uzeeni aliimba *O Salutaris* bila kujua maana ya neno hata moja. Siku moja nilizihesabu mizani zake kwa vidole. Zilikuwa nane katika kila mshororo, na kila ubeti ulikuwa na mishororo minne.

Dola ya Roma ya Magharibi ilianguka mwaka 476. Kilatini kikaacha polepole kuwa lugha ya mama, lakini kikabaki kuwa lugha ya kanisa, shule na mahakama kwa takriban miaka elfu moja. Mtu alijifunza kwa kitabu na fimbo, kama mtoto wa Lamu alivyojifunza Kiarabu chuoni. Tanzu zake ni nyingi: nyimbo za ibada, visa vya watakatifu, barua, tamthilia (Hrotsvit wa Gandersheim aliandika sita katika karne ya 10) na tarehe. Katika utanzu huu wa mwisho Bede alikamilisha historia ya kanisa la Waingereza mwaka 731, kwa Kilatini, kama vile historia ya Kilwa ilivyoandikwa baadaye kwa Kiarabu. Tanzu hizo zinastahili makala yake. Hapa nitashughulika na ushairi.

Ushairi wa Kilatini cha kale, mathalani wa Virgil, haukujengwa juu ya vina. Ulipimwa kwa mpangilio wa silabi ndefu na fupi, jinsi inavyopimwa arudhi ya Kiarabu iliyoratibiwa na al-Khalil bin Ahmad wa Basra katika karne ya 8. Lakini masikio ya wasemaji yalipoteza tofauti ya urefu huo. Kipimo kikabaki vitabuni, kikijulikana na wasomi pekee. Ambrose wa Milan, katika karne ya 4, alitunga nyimbo za ibada zenye mishororo minne ya silabi nane, akishika bado kanuni ya urefu. Waliomfuata wakaihifadhi nane, wakauacha urefu. Mwanzoni mwa karne ya 8 Bede huyo huyo alieleza katika kitabu chake cha arudhi kwamba kuna tungo zinazopimwa kwa idadi ya silabi na hukumu ya sikio tu.

Mfano unaonishangaza zaidi unatoka Afrika. Mnamo 393 Augustine, akiwa Hippo (leo Annaba, Algeria), alitunga zaburi ya kuwapinga Wadonati. Alitaka iimbwe na watu wa kawaida, na baadaye alieleza kwamba aliikwepa arudhi ya kale ili isimlazimishe kutumia maneno wasiyoyazoea. Kila mstari una silabi kumi na sita zilizogawanyika katikati, nane kwa nane. Beti zinafuata alfabeti, kama zile tungo zetu zinazoanzia alifu, be, te. Na mistari yote inaishia kwa irabu moja, *e*, tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji wa tenzi hana haja ya kuelezwa hiyo ni nini: ni kina cha bahari.

Kufikia karne ya 13, *Dies Irae*, wimbo wa maziko unaonasibishwa na Thomas wa Celano, una beti za mishororo mitatu ya silabi nane, na karibu katika beti zote mitatu hiyo ina kina kimoja. Ongeza kipande cha nne chenye kina cha bahari, upate umbo alilotumia Mwengo bin Athumani wa Pate katika *Utendi wa Tambuka*, 1728.

Sidai kwamba Mwengo alimsoma Augustine, wala kwamba Waarabu hawakutufunza kitu. Hati, visa na istilahi nyingi zilitoka kwao. Ninachodai ni kwamba sikio la Mswahili halikuweza kupima shairi zima kwa silabi ndefu na fupi za Kiarabu, kama sikio la Mlatini wa baadaye lisivyoweza kupima kwa zile za Virgil. Wote wawili walihesabu silabi na kutegemea vina. Kwa hiyo anayesema mizani nane ni za Kiarabu ana deni la kueleza zilifikaje Hippo zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Hijra.

Tofauti moja isifichwe. Mtawa wa Ulaya alitunga kwa lugha ambayo hakuna aliyenyonyeshwa nayo, ilhali Mwana Kupona, mwaka 1858, alimuusia bintiye kwa lugha ya nyumbani. Huenda ndiyo sababu tungo za Kilatini za mapenzi na ulevi, zile za hati ya *Carmina Burana* iliyogunduliwa katika monasteri ya Bavaria mwaka 1803, zilibaki kuwa mzaha wa wasomi, ilhali mashairi ya Muyaka yaliimbwa na Mombasa nzima.